Mali Bila Daftari: Riwaya ya Taharuki ya Kisiasa na Uporaji wa Maliasili ya Afrika

Ikisiri

Makala haya yanaeleza riwaya ya taharuki ya kisiasa inayosimulia uporaji wa maliasili unaofanywa na makampuni makubwa. Yanaanza kwa kubainisha mipaka ya utanzu huu na chimbuko lake, kisha yanachunguza muundo wa njama, nafasi ya mkalimani na lugha ya mkataba, na hatimaye mchango wa riwaya ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba utanzu huu, ambao mara nyingi hudharauliwa kuwa ni wa kupitishia wakati, una uwezo wa pekee wa kumfunulia msomaji jinsi mali ya umma inavyohama mikono.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumwonya mfanyabiashara asiyeweka hesabu zake. Hata hivyo, ikitazamwa kwa jicho la pili, inaweza kuwa muhtasari wa historia ya maliasili barani Afrika. Dhahabu, shaba, almasi, mafuta na koltani vimetoka ardhini kwa zaidi ya karne moja, na wenye ardhi hawakuonyeshwa daftari. Mara nyingi daftari lilikuwapo, ila liliwekwa mahali pengine, likaandikwa kwa lugha nyingine, na likasomwa na watu wengine.

Riwaya ya taharuki ya kisiasa ni mojawapo ya tanzu zilizojitwika jukumu la kulitafuta daftari hilo. Katika vyuo vingi, mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na riwaya ya kusisimua chini ya kichwa cha fasihi pendwa, na mara nyingi hukutana nayo kwa ufupi, kama kwamba ni mlango wa kupitia tu kuelekea fasihi iliyo dhati. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa mtazamo huo una upungufu. Riwaya ya aina hii inapozungumzia mgodi, kisima cha mafuta au delta ya mto, huweza kueleza utaratibu wa uporaji kwa uwazi ambao haupatikani kwa urahisi katika istiari wala katika ripoti ya serikali.

2.0 Maana na mipaka ya utanzu

Ni vyema kwanza kutenganisha tanzu tatu ambazo huchanganywa. Katika riwaya ya upelelezi, uhalifu umekwisha kutendeka na swali linalomsukuma msomaji ni nani aliyeutenda. Katika riwaya ya ujasusi, mataifa yanawindana kwa siri, na swali ni nani anamtumikia nani. Katika riwaya ya taharuki ya kisiasa, uhalifu aghalabu unaendelea kutendeka wakati hadithi inasimuliwa, na swali ni iwapo utazuiwa kabla ya saa kuwadia.

Riwaya inayohusu uporaji wa maliasili huchota kutoka tanzu zote tatu, lakini ina sifa zake mahususi. Kwanza, adui wake mkuu si mtu mmoja bali ni kampuni au muungano wa wawekezaji, ambao sura yao hufichwa nyuma ya majina ya biashara. Pili, kitu kinachogombewa ni mali iliyo ardhini au majini, ambayo haiwezi kuhamishwa bila ya idhini ya mamlaka fulani. Kwa hiyo mamlaka yenyewe huwa sharti yanunuliwe, yatishwe au yapinduliwe. Tatu, siri inayotafutwa mara nyingi ni karatasi: ripoti ya wanajiolojia, orodha ya wenye hisa, au mkataba uliotiwa sahihi usiku.

Sifa hii ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Bastola na mbio za magari ni mapambo ya utanzu huu. Kiini chake ni karatasi.

3.0 Chimbuko na maendeleo

Wahakiki wengi humtaja Joseph Conrad wanapotafuta mzizi wa utanzu huu. Riwaya yake Nostromo, iliyotoka mwaka wa 1904, imewekwa katika nchi ya kubuni ya Costaguana, Amerika ya Kusini. Charles Gould, Mwingereza mwenye asili ya nchi hiyo, anarithi mgodi wa fedha wa San Tomé. Anaufufua kwa mtaji wa tajiri mmoja wa San Francisco aitwaye Holroyd, akiamini kwamba mgodi ukistawi, sheria na amani vitafuata. Kinachofuata ni kinyume chake. Mgodi unakuwa serikali juu ya serikali, na mwishowe jimbo la Sulaco linajitenga na nchi ili mgodi upone.

Conrad aliandika zaidi ya nusu karne kabla ya Katanga, lakini msomaji wa Afrika hawezi kuisoma riwaya hiyo bila ya kuikumbuka Katanga. Tarehe 11 Julai 1960, siku chache tu baada ya Kongo kupata uhuru, jimbo hilo lenye shaba lilitangaza kujitenga likiungwa mkono na maslahi ya kampuni ya Ubelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa huko huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Hapo yalitokea mambo ambayo mtunzi wa kusisimua angeogopa kuyabuni, asije akaambiwa ametia chumvi.

Hatua ya pili ya utanzu huu ilifikiwa mwaka wa 1974, Frederick Forsyth alipochapisha The Dogs of War. Forsyth alikuwa mwanahabari aliyeshuhudia vita vya Biafra, na riwaya yake ina macho ya ripota. Katika nchi ya kubuni ya Zangaro, Afrika ya Magharibi, mlima mmoja unagunduliwa kuwa na platinamu. Mkuu wa kampuni ya madini ya London, Sir James Manson, anaamua kwamba njia rahisi ya kuupata mlima huo ni kumpindua rais wa nchi na kumweka kibaraka. Anamwajiri mamluki aitwaye Shannon, anampa muda wa siku mia moja, na kutoka hapo riwaya inaeleza hatua kwa hatua namna ya kununua silaha, meli na watu.

Miaka 30 baadaye, riwaya na hali halisi zilikaribiana mno. Mnamo Machi 2004, ndege iliyobeba mamluki ilizuiwa mjini Harare. Safari yao ilikuwa ya kwenda kuipindua serikali ya Guinea ya Ikweta, nchi ndogo iliyogundua akiba kubwa ya mafuta katika miaka ya 1990. Kiongozi wa kundi hilo, Simon Mann, aliyewahi kuwa ofisa katika jeshi la Uingereza, alihukumiwa kifungo. Mark Thatcher, mwana wa waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alikiri kosa mbele ya mahakama ya Afrika Kusini Januari 2005 kuhusu fedha zilizotumika katika mpango huo. Baada ya tukio hilo ilikuwa vigumu kusema kuwa utanzu huu ni ndoto za mchana.

4.0 Muundo wa njama

Riwaya za aina hii, ingawa hutofautiana kwa mandhari, zina mfululizo wa hatua unaofanana. Kuufahamu mfululizo huu ni kuufahamu utaratibu wenyewe wa uporaji.

Hatua ya kwanza ni ugunduzi. Mtaalamu anapima udongo, na kwa muda mfupi ujuzi wa thamani ya ardhi unakuwa mikononi mwa watu wachache. Hatua ya pili ni kuuficha ujuzi huo. Katika The Dogs of War, Manson anahakikisha kwamba ripoti inayopelekwa kwa serikali ya Zangaro imebadilishwa, ili nchi iamini kwamba mlima wake hauna chochote cha haja. Wizi, kwa hakika, unatendeka katika hatua hii, kabla ya risasi yoyote kulia. Mwenye mali amenyimwa habari za mali yake.

Hatua ya tatu ni ya karatasi. Manson hanunui mgodi kwa jina la kampuni yake. Washirika wake wanaitafuta kampuni kongwe iliyolala, isiyo na biashara yoyote, ambayo hisa zake ni za bei ya chini. Mpango ni kuwa, kibaraka akishaingia ikulu, kampuni hiyo ndiyo itakayopewa haki ya kuchimba, hisa zitapanda ghafla, na waliozinunua kwa senti watazivuna kwa mamilioni. Msomaji asiyejua lolote kuhusu soko la hisa huifunga riwaya akiwa ameelewa kampuni ya kivuli ni nini na kwa nini hupendwa.

Hatua ya nne ni kumtafuta mwenyeji. Hakuna njama inayofaulu bila yake. Wakati mwingine ni mwanasiasa mwenye uchu, wakati mwingine ni mtu mwema aliyedanganywa. Hapa ndipo methali ya kikulacho ki nguoni mwako inapopata mwili. Hatua ya tano ni nguvu, yaani mapinduzi, mauaji ya shahidi au utekaji nyara. Hatua hii ndiyo inayouza kitabu, lakini kwa mantiki ya hadithi ni matokeo tu ya hatua nne zilizotangulia.

Dhidi ya mfululizo huu anasimama mtu mmoja aliyejikwaa kwenye siri. Jambo la kuzingatia ni kazi yake. Mara chache huwa askari. Katika Oil on Water ya Helon Habila (2010), ni wanahabari wawili, kijana Rufus na mkongwe Zaq, wanaoingia katika delta ya Niger kumtafuta mke wa mhandisi wa mafuta aliyetekwa nyara. Katika Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1977), polisi anachunguza mauaji ya wakuu watatu wa kampuni iliyokigeuza kinywaji cha asili cha Ilmorog, theng'eta, kuwa bidhaa ya kiwandani. Katika kazi zote mbili fumbo la kipolisi hufumbuliwa, lakini jibu lake linabainika kuwa dogo. Uhalifu mkubwa zaidi ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu tangu ukurasa wa kwanza: maji yaliyokufa katika delta, na wakulima wa Ilmorog waliopokonywa walichokuwa nacho.

5.0 Mkalimani na lugha ya mkataba

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, riwaya inayostahili kusomwa kwa makini zaidi katika utanzu huu ni The Mission Song ya John le Carré, iliyochapishwa mwaka wa 2006. Mhusika mkuu wake si jasusi wala mamluki. Ni mkalimani, na mojawapo ya lugha zake ni Kiswahili.

Bruno Salvador, au Salvo, ni mwana wa mmisionari kutoka Ireland na mama wa Kikongo. Alilelewa mashariki mwa Kongo na kujifunza Kiswahili pamoja na lugha kadhaa za eneo la Kivu. Akiwa mtu mzima mjini London, anafanya kazi ya ukalimani mahakamani, hospitalini, na kwa siri katika idara za serikali. Siku moja anapelekwa katika kisiwa kisichotajwa jina, ambako wawakilishi wa makundi ya Kivu wanakutana na muungano wa wawekezaji. Wenyeji wameambiwa kwamba mkutano huo utaleta amani na maendeleo, chini ya mzee mwenye haiba aitwaye Mwangaza. Kwa hakika ni mpango wa kuitwaa Bukavu kwa nguvu na kuyamiliki madini yake.

Ustadi wa le Carré umo katika namna anavyoigawa kazi ya mkalimani mara mbili. Mezani, Salvo anatafsiri Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili kwa wote. Chini ya nyumba, katika chumba kilichojaa vinasa sauti, anawasikiliza wajumbe wakati wa mapumziko, wanaponong'ona kwa lugha ambazo wanaamini hakuna mgeni azijuaye. Lugha za mama, ambazo kwa kawaida ni kimbilio la mwenye shida, zinageuzwa kuwa mtego. Salvo anaipenda kazi yake na anajivunia uaminifu wa tafsiri zake, hadi anapousikia kupitia vinasa hivyo mateso anayopewa mmoja wa wajumbe, Haj. Kuanzia hapo anatambua kwamba mkalimani anayetafsiri neno kwa neno bila ya kosa anaweza kuwa mshiriki katika uhalifu.

Mkataba wenyewe ni somo la semantiki. Umevishwa vazi la mradi wa kilimo, na silaha zimetajwa kwa majina ya zana za shambani. Kila neno ni sahihi kisarufi, na kila neno ni uongo. Salvo anaiba ushahidi na kuwapelekea wakubwa aliowaamini, akidhani kwamba wakijua watazuia. Anagundua kwamba baadhi yao walijua, na waliosalia hawakutaka kujua. Mpango unashindikana, lakini anayeadhibiwa ni mkalimani. Anapokonywa uraia wa Uingereza, na riwaya inamwacha kizuizini akingoja kupelekwa Kongo.

Kiswahili hakikuingizwa katika riwaya hii kama pambo. Le Carré alisafiri hadi Bukavu wakati wa kuandaa kitabu hicho, na aliyoyaandika yana mizizi katika historia. Kiswahili cha Lubumbashi na maeneo jirani kilikua kwa kiasi kikubwa katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya shaba, waliotoka katika makabila mengi na kuhitaji lugha moja ya kazi. Ikumbukwe basi kuwa Kiswahili kimekuwa karibu na madini kwa muda mrefu. Kimekuwa lugha ya mchimbaji. Hakijawa lugha ya mkataba.

Tofauti hiyo ina uzito hadi leo. Nchini Kenya, Kifungu cha 71 cha Katiba ya 2010 kinataka mikataba ya kutoa haki ya kutumia maliasili iidhinishwe na Bunge. Kifungu hicho ni ngao kubwa, lakini ngao ya karatasi isiyosomwa na mwananchi ni nusu ya ngao. Nchini Tanzania, serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa mchanga wa madini Machi 2017, neno makinikia lilitoka katika lugha ya wataalamu na kuingia sokoni, vijiweni na katika mabasi. Kwa wiki kadhaa wananchi wa kawaida walibishana kuhusu kiasi cha dhahabu kilichomo katika kontena, mrabaha ni nini na nani anaupima. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria za kuruhusu mikataba yenye masharti mabaya ipitiwe upya, na mazungumzo na kampuni ya Barrick yakaishia katika kuundwa kwa kampuni ya pamoja ambamo serikali ilipewa hisa za asilimia 16. Wachambuzi wametofautiana kuhusu faida ya hatua hizo. Lisilobishaniwa ni kwamba mjadala ulipanuka pale jambo lilipopata jina katika lugha ya watu.

6.0 Mchango wa riwaya ya Kiswahili

Riwaya ya Kiswahili haikukosa mashujaa wa kusisimua. Muhammed Said Abdulla alimzaa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo (1965). Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), naye Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Katika kazi za Musiba na Mtobwa siasa ya bara zima iliingia rasmi katika utanzu. Adui alikuwa Mkaburu, mkoloni na mawakala wao, na shujaa aliitetea harakati ya ukombozi. Maliasili zilikuwa nyuma ya pazia, kwa sababu suala la siku hizo lilikuwa nani atashika bendera.

Mageuzi ya kiuchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalibadilisha sura ya adui. Baadhi ya waandishi walilikabili soko huria kwa njia ya istiari. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimrusha mhusika wake hadi sayari nyingine ili aone jamii isiyo na unyonyaji. K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), alimfanya mhusika wake azunguke dunia akitafuta chanzo cha maafa, na utandawazi ukapewa sura ya kiumbe mwenye kuhadaa. Kazi hizi zina kina kikubwa, lakini istiari humweleza msomaji kwamba ameibiwa. Haimwonyeshi ni kwa hati gani.

Hapo ndipo umuhimu wa Chachage Seithy Chachage unapojitokeza. Chachage, aliyefariki mwaka wa 2006, alikuwa profesa wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliwahi kuandika kitaaluma kuhusu haki za uchimbaji madini nchini Tanzania. Riwaya yake Makuadi wa Soko Huria (2002) inatokana na kisa cha kweli: mpango wa kuanzisha shamba kubwa la kufuga kamba katika delta ya Rufiji, kwenye msitu mkubwa wa mikoko. Serikali iliuidhinisha mradi huo mwaka wa 1997 licha ya ushauri wa baraza lake lenyewe la mazingira. Wakazi wa delta, wakisaidiwa na wanasheria na wanahabari wa mazingira, waliupinga hadi mahakamani, na mradi haukutekelezwa.

Chachage aliitumia mbinu ya uchunguzi wa kihabari kuendeshea hadithi, lakini aliipanua. Msomaji anaongozwa kutoka kwa mradi wa kamba hadi historia ndefu ya pwani na upinzani wa wakazi wake, na kutoka hapo hadi kwa viongozi waliogeuka kuwa wachuuzi. Jina la riwaya linasema yote. Kuadi ni mtu anayewakutanisha wawili kwa ajili ya tendo la aibu, naye hulipwa na upande wenye fedha. Katika njama iliyoelezwa hapo juu, kuadi ndiye mtu wa hatua ya nne. Forsyth anamchora kama kikaragosi. Le Carré anamchora kwa huruma, lakini kwa mbali. Chachage anamjua kwa jina, kwa chama, kwa suti na kwa msamiati wake wa maendeleo, kwa kuwa wametoka katika jamii moja.

Tofauti nyingine inahusu mshindi. Katika riwaya nyingi za Ulaya shujaa ni mmoja na huwa peke yake. Katika kisa cha Rufiji aliyesimama ni umma: wavuvi na wakulima wa mpunga waliojua mikoko ina faida gani hata kabla ya mtaalamu kufika. Utanzu wa taharuki, uliozoea mtu mmoja anayekimbia usiku, unalazimika kujifunza kuusimulia mkutano wa kijiji. Chachage aliionyesha njia, lakini waliomfuata ni wachache.

7.0 Udhaifu wa utanzu

Haitakuwa haki kuusifu utanzu huu bila kuutia dosari. Dosari ya kwanza ni ya usawiri. Katika kazi nyingi zilizoandikwa Ulaya na Marekani, Afrika ni jukwaa ambalo Wazungu wema wanapambana na Wazungu wabaya, na Mwafrika ni maiti, kibaraka au mtumishi. Hata The Dogs of War, ambayo mwishoni mamluki wake anamsaliti tajiri na kuikabidhi nchi kwa Waafrika wanaostahili, inaufanya ukombozi uwe zawadi ya mtu mwenye bunduki kutoka nje.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Utanzu huu huhitaji siri, na siri huhitaji watu waovu. Kwa hiyo msomaji huweza kuamini kwamba maliasili huporwa kwa mapinduzi na mauaji pekee. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mali hupotea mchana kweupe, kwa njia zilizoruhusiwa na sheria au zilizo vigumu kuthibitishwa kuwa ni kosa. Kampuni tanzu iliyo mgodini huliuzia madini tawi jingine la kampuni hiyo hiyo kwa bei ya chini, na faida ikaonekana katika nchi isiyotoza kodi. Mkataba huweka sharti kwamba kodi haitapandishwa kwa miongo kadhaa, hata bunge likibadilika. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki liliripoti mwaka wa 2015 kwamba Afrika ilikuwa ikipoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazohamishwa kinyume cha taratibu, na sehemu kubwa ilitokana na shughuli za kibiashara. Fedha hizo hazikupelekwa na mamluki. Zilipelekwa na wahasibu.

Hata hivyo, dosari hii haiubatilishi utanzu. Inaonyesha tu mahali ambapo mtunzi wa kesho anapaswa kuelekeza taa. Wala haina maana kwamba siku za bunduki zimepita. Februari 2025 mji wa Bukavu, ule ule uliokuwa shabaha ya njama katika The Mission Song, ulitekwa na waasi wa M23, wiki chache baada ya Goma. Mwaka uliotangulia waasi hao walikuwa wameitwaa Rubaya, eneo lenye machimbo makubwa ya koltani, madini ambayo tantalamu yake hutumika katika simu na tarakilishi kote duniani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba riwaya ya taharuki ya kisiasa kuhusu maliasili ina muundo unaofuata nyayo za uporaji wenyewe: ugunduzi, ufichaji, karatasi, kuadi na nguvu. Yameonyesha pia kwamba kitovu cha utanzu huu si bunduki bali ni habari, na kwamba lugha ndiyo bohari ya habari hiyo. Riwaya ya Kiswahili imeuingia uwanja huu kwa kuchelewa, lakini kupitia kwa Chachage imeupa utanzu kitu ambacho haukuwa nacho, yaani umma unaolijua daftari lake.

Kwa idara za Kiswahili, kuna mambo mawili ya kufanyiwa kazi. La kwanza ni kuipa riwaya ya kusisimua nafasi inayoistahili katika silabasi, isomwe pamoja na riwaya za istiari badala ya kuwekwa chini yake. La pili linahusu mafunzo ya tafsiri na ukalimani. Wengi wa wanaosomea taaluma hizo watajikuta siku moja mezani, kati ya mwekezaji na mwanakijiji, wakiwa na karatasi ambayo upande mmoja tu unaielewa. Kisa cha Salvo kinawakumbusha kwamba pale mezani hakuna kiti cha asiyehusika. Anayetafsiri mkataba wa mgodi ameshika daftari la watu, na kutoka kinywani mwake ndipo watajua kama mali yao inauzwa, inakodishwa au inapotea bila habari.